Joka Lililouawa kwa Punje ya Maharage

Nimewahi kuona joka likifa kwa sababu ya punje moja ya maharage.

Na siku hiyohiyo, ndani ya ukumbi huohuo, nilimwona mungu wa kike amebeba sinia la mikate ya jibini, anauliza nani kamwita.

Ukitaka kucheka, cheka. Ukimaliza kaa nikusimulie, maana siku hiyo niliitwa mwizi mbele ya watu arobaini na kitu, na mimi si mtu wa kusahau.

Naitwa Edilene. Ni mtu wa Ubá, Minas Gerais, na haya yalitokea mwaka 1996 nikiwa na miaka kumi na saba.

Mwaka mmoja nyuma, baada ya shule, nilikuwa nashinda kwa shangazi yangu Nair, dada yake baba. Alikuwa na duka la fotokopi mkabala na shule yetu. Mashine moja kubwa yenye hasira, taipureta moja, kiti kimoja cha mteja. Kioo cha mashine nilikuwa nimekikwaruza mwenyewe kwa funguo, kwa hiyo kila karatasi iliyotoka pale ilikuwa na alama ndogo ya ndoano kwenye pembe ya chini kulia.

Shangazi alikuwa na sheria moja. Nyumbani yeye ni shangazi. Dukani ni Nair.

"Ukiniita shangazi mbele ya wateja wataniona bibi," alikuwa anasema. "Hapa mimi ni Nair, basi."

Siku moja akaingia Otávio.

Huyu Otávio alikuwa mtoto wa daktari wa meno, darasa moja mbele yangu. Kijana wa aina ile ambayo hata akikusalimia unajiona umepewa zawadi. Mkononi ana kitabu kinene cha Kiingereza, mjomba wake kamletea kutoka Miami. Juu kuna picha ya joka.

"Nakala nne," akasema. "Na mnawe mikono kwanza."

Nikanawa. Nikaanza kazi.

Mashine siku hiyo ilikuwa imeamka vibaya. Inakula karatasi, inazitapika, nyingine nusu nyeusi, nyingine zimekatika maneno pembeni. Zote zilizoharibika nikazitupa kapuni. Jioni Otávio akachukua nakala zake nzuri akaenda zake, wala hakuaga.

Mimi nikabaki na kapu.

Nilizitoa moja moja nikazinyoosha kwa kiganja. Kurasa thelathini na moja. Nikakaa chini na kamusi yangu ndogo ya shule, nikaanza kusoma, na nakuapia sikuinuka hadi shangazi aliponizimia taa.

Ulikuwa ni mchezo. Lakini si mchezo wa kushinda na kushindwa.

Watu wanne watano mnakaa mezani. Kila mmoja anajibunia mtu wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, mganga. Mmoja wenu ndiye msimulizi, kwetu tunamwita mestre. Yeye anasema, "Mbele yenu kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna kitu kinapumua. Mnafanyaje?" Nyinyi mnajibu. Pale ambapo hakuna anayejua kama utaweza au utaumia, unarusha dadu yenye pande ishirini, na namba ndiyo inasema.

Basi. Hadithi ambayo unaingia ndani yake na miguu yako miwili.

Mimi ni mtoto niliyekuwa nachapwa kwa kusema uongo, na sasa naambiwa kuna sehemu duniani ambapo huo uongo ndio kazi yenyewe.

Kesho yake nikamfuata Otávio kwenye baraza la shule. Yuko na wenzake wanne.

"Kaka, ule mchezo wenu. Naweza kujiunga?"

Wakatazamana. Mmoja akakohoa ili asicheke.

"Msichana anaweza kuwa mganga," Otávio akasema, taratibu, kama ananifundisha kusoma. "Anakaa nyuma, anatibu watu. Ila mganga tunaye. Nafasi zimejaa."

"Mimi sitaki kuwa mganga. Nataka kuwa mestre."

Hapo ndipo waliponicheka kwa sauti. Yule aliyekohoa alicheka mpaka akashika ukuta.

Niliondoka pale masikio yanawaka moto. Sikulia. Nilisema moyoni, sawa, nyinyi mna kitabu, mimi nina kapu. Tutaonana.

Tatizo la kapu ni kwamba lina mashimo. Kurasa nilizokuwa nazo zilinipa mwanzo wa sheria moja, katikati ya nyingine, mwisho wa ya tatu. Palipokosekana, nikatunga. Sikuomba ruhusa kwa mtu.

Na palipokuwepo, mara nyingine kamusi ilinipoteza. Kulikuwa na neno moja la Kiingereza, linahusu kile mchezaji anachofanya akipuliziwa moto na joka au akila sumu. Kamusi yangu ikanipa maana moja: kuweka akiba. Nikashangaa. Akiba? Mtu anaungua, akiba ya nini?

Nikafikiri siku tatu. Halafu nikaelewa, au nilidhani nimeelewa.

Nikaandika hivi: kila mchezaji ana kikombe chake cha akiba, na ndani yake kuna punje tano za maharage. Ukimtendea mwenzako wema mchezoni, unaongezewa punje. Siku ya hatari, unatoa punje zako kikombeni, na kila punje inaongeza moja kwenye namba yako. Punje ikitumika imekwenda. Na ukiishiwa, mwenzako anaweza kukupa ya kwake.

Sheria ya saba ndiyo niliyoipenda kuliko zote: "Akiba haikopeshwi. Inatolewa. Anayetoa asidai, anayepokea asisahau."

Nikazipiga zote kwa taipureta ya dukani. Kurasa kumi na mbili. Nikaanza kutoa nakala, nikafika ukurasa wa mwisho, mashine ikaanza kutoa karatasi nyeupe. Kengele ya shule inalia, nimechelewa. Nikachukua kalamu nzito nikaandika chini ya ukurasa huo, kwa herufi kubwa: NAIR WINO UMEKWISHA. Nikaziacha juu ya mashine nikakimbia.

Shangazi alivyo, akatia wino, akatoa nakala tano pamoja na ule ujumbe wangu. Nilipomuuliza mbona hakuufuta akasema yeye kazi yake ni kutoa nakala, kufuta ni kazi ya walimu.

Tulicheka, yakaisha.

Dadu yenye pande ishirini haikuuzwa Ubá. Baba yangu alikuwa anapiga msasa kiwandani, zamu ya usiku. Akanikatia vibao ishirini vya mviringo kutoka kwenye mabaki ya mbao za vitanda, laini kama sabuni, nikaviandika namba moja mpaka ishirini. Tukavitia kwenye mfuko wa kitambaa cha kuchujia kahawa. Unaingiza mkono, unachomoa kimoja, unasoma namba yako. Vidole vyetu vyote vilikuwa vinanukia kahawa.

Meza yangu ilikuwa na watu wawili wa kudumu. Josué, mwanafunzi wa useremala, jitu kubwa lisilosema sana. Na Claudineia, ambaye akianza kusema hata redio inazimwa. Wengine walikuja wakaondoka.

Sasa, pa kuchezea. Kwangu haiwezekani, baba analala mchana. Kwa Claudineia mama yake alishasema huo mchezo ni wa shetani na akikuta punje ya maharage mezani bila sufuria atamwita mchungaji. Josué alikuwa anaishi kwa bosi wake, chumba kimoja na msumeno.

Aliyetuokoa ni mzee Abílio, mpiga tuba wa bendi ya mji na mwenye funguo za ukumbi wa bendi. Jumamosi mchana ukumbi ulikuwa mtupu. Akasema, "Ingieni. Ngoma msiguse, na mfagie mkimaliza." Mwaka mzima tukacheza pale, katikati ya tarumbeta.

Bila ukumbi ule hakuna meza. Lielewe hilo kabla sijaendelea.

Basi, mmoja wa wale wavulana akamwaga soda ya guaraná kwenye kitambaa cha meza cha mama yake Otávio. Kitambaa cha kufumwa kwa mkono, cha bibi yake. Mama akawafukuza wote na kitabu chao.

Jumamosi iliyofuata nawakuta wamekaa kwenye meza yangu.

"Tumeshaongea na mzee," Otávio akasema bila kuinua kichwa.

"Na mimi nimeshafagia hapa mwaka mzima," nikamjibu. "Inuka."

Mzee Abílio akatoka nyuma na kitambaa cha kupangusia tuba. Akakiri kwamba alimkubalia daktari wa meno bila kufikiri, alikuwa mdomo wazi kwenye kiti chake, angesema nini. Lakini makundi mawili yenye kelele hataki. Moja litoke.

"Watoke hao," Otávio akasema. "Mzee, wale hawachezi mchezo wenyewe. Waliokota takataka kwenye kapu wakatunga mambo yao. Sisi tuna kitabu. Tuna na tafsiri yake kamili, ya São Paulo."

"Na hiyo takataka imekukera nini?" Claudineia akadakia.

Mzee akawaza. Akasema Jumamosi ijayo bendi inawakaribisha ndugu na jamaa kwa kahawa, watu watakuwepo. Kila mmoja wetu asimulie saa moja, wachezaji wawe wageni. Wageni wenyewe ndio waseme wangependa kuendelea kwa nani. Huyo atachukua funguo za Jumamosi.

Otávio akasema ataleta wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha Viçosa, wachezaji wazoefu. Yaani mahakimu anawachagua yeye. Claudineia akanifinya nikatae.

Nikakubali. Nilikuwa na hasira kuliko akili, nakiri.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa. Akina mama wa bendi, watoto, babu mmoja na kiti chake mwenyewe. Shangazi Nair yuko nyuma kabisa anapokea masinia ya mikate ya jibini. Wale wanafunzi watatu wakaketi, mkubwa wao ana ndevu, anaitwa Wanderley. Mtu mpole, lazima niseme ukweli.

Otávio akaanza.

Alikuwa na kila kitu. Dadu ya kweli ya pande ishirini, nyekundu, inang'aa. Ramani ya rangi. Sauti ameizamisha mpaka tumboni. Mimi nimekaa pembeni na kitambaa changu cha kahawa mapajani, nikahisi umaskini wangu wote kwa mara moja. Nilitamani kuondoka.

Halafu akatoa vikombe vitatu vidogo vya fedha. Ndani yake gololi za kioo.

"Hiki ni kikombe chako cha akiba," akamwambia Wanderley. "Gololi tano."

Nikainua kichwa.

"Tunajua," Wanderley akasema. "Hata kwetu ndivyo."

Josué, ambaye hazungumzi, akaniambia sikioni, "Edilene."

"Nyamaza," nikasema. "Nimesikia."

Wakaingia pangoni. Wakakutana na kitu ambacho Otávio alikiita jojoka, akaeleza kwamba ni jamii ya joka dogo lisilo na mabawa. Mmoja wa wanafunzi, aliyekuwa mchawi, akataka kulirushia moto.

"Kabla ya uchawi wowote," Otávio akasema, "muombe Naíri, mungu wa wino. Bila wino hakuna uchawi."

Yule mwanafunzi akafumba macho, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti ya kanisani, "Ewe Naíri, wino usikwishe."

Kutoka nyuma ya ukumbi sauti ikasema, "Nani kaniita?"

Watu wote wakageuka. Shangazi Nair amesimama na sinia, miwani puani.

"Shh, mama, hatujakuita wewe," Otávio akasema.

"Nimesikia Nair."

"Ni Naíri. Kaa, tafadhali."

Shangazi akakaa, anaguna. Mimi nilikuwa nimeuma mkono wangu nisitoe sauti. Claudineia alikuwa ameinama chini ya kiti, mabega yanacheza.

Unaweza kuuliza, mbona sikusimama palepale nikamuumbua? Nilitaka. Lakini nilijiambia, acha amalize saa yake. Asije akasema nilimkatiza ndiyo maana akashindwa.

Saa ikaisha. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu.

Nikaketi. Nikaweka kitambaa cha kahawa mezani. Nikaweka vikombe vitatu vya kahawa, vile vya bati vyenye rangi iliyobanduka, nikaanza kuhesabu maharage. Moja, mbili, tatu.

"Simamisha," Otávio akasema.

Nikabaki na punje ya tatu mkononi.

"Mzee Abílio, umeona? Kakaa pale saa nzima ananitazama, sasa anafanya kilekile. Tena kwa maharage. Huyu ni mwizi. Sheria ya akiba ni ya kitabu, ipo kwenye tafsiri yetu, ameiiba hapahapa mbele ya macho yetu."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mwizi ni neno zito mjini kwetu, kila mtu anajua baba yako anafanya kazi wapi. Nikamwona mzee Abílio anaziangalia funguo mkononi, halafu ananiangalia mimi, na macho yake yalikuwa ya huruma. Huruma ile ndiyo iliyonichoma. Nikaona Jumamosi zangu zote zinaondoka.

Lakini mkono wangu uliendelea kuhesabu. Nne. Tano.

"Unayo hiyo tafsiri hapo?" nikamuuliza.

"Ninayo."

"Soma sheria ya saba."

Akatoa karatasi kwenye jalada la plastiki. Akakohoa. "Akiba haikopeshwi..."

"Inatolewa," nikasema. "Anayetoa asidai, anayepokea asisahau."

"Umeikariri. Umepata nakala mahali."

"Sheria ya nane, mtu akifa katikati ya mchezo, wenzake wamalize kahawa yake. Sheria ya tisa ina kosa, herufi zimepigwa mara mbili. Nilitaka kuandika joka. Ikatoka jojoka."

Wanderley akaweka kikombe chini polepole.

"Ngoja, dada. Jojoka ni kosa la taipureta?"

"Ni kosa la kidole changu hiki."

"Sisi tumeua kama sitini," akasema.

Watu wakaanza kucheka. Otávio akawa mwekundu mpaka masikio. "Maneno tu. Mtu yeyote anaweza kusema aliandika yeye. Hii imetoka São Paulo!"

"Hebu nione," sauti ikasema.

Shangazi Nair alikuwa ameshafika mezani. Akaliweka sinia juu ya ramani ya rangi. Akachukua karatasi za Otávio mkononi, akazigeuza mara moja, akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha kama anavyokagua kazi zake zote.

"Nakala ya nakala ya nakala," akasema. "Mmeichosha jamani. Lakini ndoano hii hapa, pembe ya chini. Ukurasa huu, na huu, na huu. Huu ni mkwaruzo wa mashine yangu. Aliufanya huyu mtoto kwa funguo, nikamnunia wiki nzima."

Akafika ukurasa wa mwisho. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Na hapa kaniandikia mimi. Nair, wino umekwisha. Hii alama juu ya jina langu, na hiki kijistari mwishoni kama i, ni vumbi."

Ukumbi mzima ukanyoosha shingo.

Mchawi wa Viçosa ndiye aliyeuliza, kwa adabu zote, "Kwa hiyo Naíri... ni wewe, mama?"

"Nair Calheiros," shangazi akasema. "Fotokopi na taipureta, mkabala na shule. Na wino ninao, niliutia siku ileile. Mkate?"

Sijui nani alianza. Ila ukumbi ule ulicheka mpaka ngoma zikatoa mlio ukutani. Babu mwenye kiti chake alilazimika kushikiliwa.

Baadaye tulifuatilia safari ya karatasi zile. Binamu yake Claudineia alikwenda nazo chuo Viçosa. Akampa mwenzake, mwenzake akampa mwenzake, mtu akasema zimetoka São Paulo ili zionekane za maana, na mwisho zikarudi Ubá mikononi mwa Otávio. Kile kitabu chake cha Miami alikuwa hakisomi. Kiingereza kilimshinda ukurasa wa nne. Mwaka mzima alikuwa anaishi kwenye kapu langu bila kujua.

"Nyani haoni kundule," Claudineia akasema, tena kwa sauti ya kufika barabarani.

Otávio akaanza kukusanya vitu vyake. Dadu nyekundu ikamdondoka ikabingirika mpaka miguuni pangu.

Nikaiokota. Ningeweza kumwacha aondoke, na Mungu ananiona, nilitamani. Lakini kulikuwa na maneno nimeyabeba mwaka mzima, na nilitaka kuyatua.

"Otávio. Saa yangu haijaanza, na nina nafasi moja mezani. Mestre tunaye. Mganga ndiye hatuna." Nikamsukumia kikombe cha nne cha bati. "Hata mvulana anaweza. Anakaa nyuma, anatibu watu."

Wenzake wanne wakatazama viatu vyao. Yule wa kukohoa hakukohoa.

Nilidhani atanitukana. Akavuta kiti, akaketi.

Nikasimulia.

Sikuwa na ramani. Niliwaambia kuna mji ambao joka limelala juu ya kisima chake pekee, na watu wanakunywa umande kwenye majani. Niliwaambia harufu ya mji ule. Watoto wakasogea. Akina mama wakaacha kuosha vikombe. Babu akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakagusa meza.

Kufika dakika za mwisho, mchawi yuko chini, mwizi amekimbia. Wanderley, mpiganaji, yuko mbele ya mdomo wa joka peke yake. Kikombe chake kitupu.

"Joka linavuta pumzi," nikasema. "Ukipata ishirini, upanga unaingia kooni kabla ya moto kutoka. Chini ya hapo, hakuna wewe."

Akaingiza mkono kwenye kitambaa cha kahawa. Akachomoa.

Kumi na tisa.

Mtoto mmoja akasema "aah" taratibu.

Mimi nikageuka kwa mganga. Kila mtu akageuka. Kwenye kikombe cha Otávio kulikuwa na punje moja tu, na mkia wa joka ulikuwa umeinuka juu ya kichwa chake. Akiitoa, yeye hana kitu.

Aliishika ile punje kati ya vidole viwili. Sheria ya saba aliijua kwa moyo, alikuwa amewasomea wenzake mara ngapi sijui. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

"Si ya kukopa," akasema. Akaiweka kwenye kikombe cha Wanderley. "Nimetoa."

Ishirini.

Joka likafa. Ukumbi ukapiga kelele ambazo bendi haijawahi kupigiwa. Na mkia wa joka, wakati linaanguka, ukamwangukia mganga. Nikamwambia achomoe. Akachomoa namba mbili.

Basi Otávio akafa siku yake ya kwanza kwenye meza yangu. Tukamaliza kahawa yake, kama sheria ya nane inavyosema.

Mzee Abílio hakuwauliza wageni kitu. Alipita nyuma yangu akaniwekea funguo mezani, akaenda kutafuta mkate.

Jumamosi iliyofuata Otávio alikuja na kikombe chake cha bati kutoka nyumbani. Amejibunia mtu mpya. Mganga tena. Nikamhesabia punje tano kama wengine. Ufagio alishika yeye.

Miaka mingi baadaye kijana mmoja aliniletea kitabu kamili, kimetafsiriwa vizuri na wataalamu. Akanionyesha kwa heshima kwamba lile neno halikuwa na maana ya akiba. Ni kujiokoa. Unarusha dadu peke yako, unajiokoa mwenyewe, basi.

"Kwa hiyo tangu mwanzo mlikosea, mama," akasema.

Nikakisoma kurasa mbili tatu. Nikakifunga, nikamrudishia.

"Kujiokoa peke yako kila mtu anajua," nikamwambia. "Kaa, nikuhesabie maharage."

Mpaka leo tunacheza hivyo. Shangazi yangu yuko hai, ana miaka themanini na moja, na kuna watu Viçosa ambao bado wanamwomba wino kabla ya mtihani. Yeye anasema wamletee karatasi kwanza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa na hujapewa nafasi mahali, nakwambia neno moja. Usisubiri wakupe kitabu kizima. Anza na ulichookota, palipokosekana tunga, na ukiitwa mwizi usiinuke kwenye kiti chako. Waambie wasome sheria ya saba.

Na wahenga walisema akiba haiozi. Ya maharage inaingia wadudu, kwa hiyo badilisha kila mwezi.